Ulimi wa Kijani Kwenye Misa ya Kaka

Nimeaibika leo. Kanisani. Mbele ya padri. Ulimi ukiwa nje.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, suti bado mwilini, kikombe cha maji ya chumvi mkononi. Nasukutua, natema, naandika. Nasukutua tena. Maji yanatoka ya kijani. (Mwanzoni yalikuwa ya kijani sana. Sasa ni ya kijani kidogo. Nashukuru Mungu kwa hicho kidogo.)

Wengine hapa kwenye kundi letu la mtandaoni mnanijua kwa picha tu, basi niseme mimi ni nani. Nauza misumari, vifuli na bawaba hapa Mabanga, mtaa wa Goma. Sisemi sana. Shule sikufika mbali, na hata ningefika sidhani kama ningesema zaidi. Mwenye maneno alikuwa kaka yangu mkubwa, Faustin. Yeye alichonga mihuri, hii tunayoiita kashe, kwenye kibanda chake kule Murara. Ukitaka muhuri wa shule, wa chama, wa duka lako, unakwenda kwa Faustin, unatoka umecheka na muhuri unao. Mwaka jana aliugua, akafa. Leo ilikuwa misa ya kumaliza kilio chake.

Sasa, kaka alikuwa na wazimu mmoja mtamu. Vijisanamu vya risasi. (Nasema risasi ile madini laini ya kuyeyusha, si ya bunduki. Hapa Goma lazima mtu afafanue.) Ni vidogo, kimoja kinasimama juu ya kidole gumba. Vibete wenye mashoka. Mifupa mitupu iliyoshika ngao. Majoka. Mazimwi. Wazungu walivitengeneza zamani kwa mchezo wa vita wa mezani, kisha wakaacha kutengeneza vya namna ile, na sasa kuna watu duniani wanavitafuta kama sisi tunavyotafuta umeme. Vya kwanza kaka alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa anahama, ndani ya kopo la biskuti. Baada ya hapo akawa anakwenda soko la Birere kila mabalo, yale marobota ya mitumba, yanapofunguliwa. Wengine wanagombania makoti, yeye amepiga magoti kwenye lundo la midoli isiyo na vichwa, anatafuta kibete.

Ndivyo alivyolipata zimwi la kinamasi. Nimeshaweka picha yake hapa. Pua kama muhogo, tumbo limeshuka mpaka magotini, jino moja la chini limepanda hadi karibu na jicho. Mmoja wenu anayeijua kazi hii aliniandikia kwamba la aina hiyo hajawahi kulishika, maana kalibu yake ilivunjika mapema. Kaka alikufa akiwa amelipaka kichwa tu.

Baada ya mazishi shemeji yangu, mke wake, Mama Furaha, aliniletea lile kopo. Akaniambia nichukue, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nakaa kumwangalia akipaka. Nikachukua. Nikaanza kupaka mwenyewe. Mtu mwenye ndevu zenye mvi, nimefunga duka, nimeinama juu ya kibete, namtia rangi kwenye viatu. Wengine wanalia kwa machozi. Mimi nilikuwa nalia kwa brashi. Nikipaka namsikia kaka akisema, punguza rangi, punguza mkono, wewe hupaki ukuta.

Hapa nyumbani hakuna aliyejua ila shemeji. Nilimwomba asimwambie mtu, na yeye akakubali. Familia yetu ni watu wa upande wa Bukavu, wazito kidogo. Wangesema kilio kimenipanda kichwani.

Mambo mawili kaka alinifundisha, na haya mawili ndiyo yameniumbua. La kwanza, ncha ya brashi huchongwa kwa ulimi. Unachovya, unapaka, unailaza brashi ulimini, unaizungusha, inakuwa kama sindano. Hakuna njia nyingine. La pili, kivuli kizuri kuliko vyote hutengenezwa kwa wino wa kashe uliotiwa maji. Unaingia kwenye mikunjo yote ya ngozi, wenyewe, bila kusukumwa. Na kaka aliacha chupa nyingi za wino wa kijani, kwa sababu hakuna ofisi inayotaka kashe ya kijani.

Mazimwi ni ya kijani. Mmeanza kuona tunakokwenda.

Leo asubuhi nilivaa suti mapema. Nilikuwa nimeamua zimwi limalizwe leo, niende nalo kanisani mfukoni, kilio cha kaka kiishe na kazi yake imekwisha. Lilibaki tumbo na mgongo. Nikasema, mara moja tu. (Hakuna mpakaji aliyewahi kupaka mara moja tu.)

Ninakaa chumba cha nyuma katika kiwanja cha kaka, nyumba kubwa anakaa shemeji na watoto. Akanipitishia chai ya tangawizi katika kikombe cha bati, akaiweka mezani, akaliona zimwi, akaliangalia kidogo, akaenda kuwavisha watoto. Hapo mezani palikuwa na kikombe kingine cha bati, cha kusafishia brashi. Vikombe viwili ndugu, vya seti moja.

Sitasema uongo. Sijui nilichovya brashi kikombe kipi, wala nilikunywa kipi. Macho yalikuwa kwenye tumbo la zimwi. Ninachokumbuka ni kwamba niliona tangawizi ya leo ina ladha ya ofisi.

Nikamaliza. Lilikuwa zuri, nawaambia. Lilikuwa limeloa bado, lakini zuri. Nikalifunga kwenye leso, nikalitia mfukoni. Ndipo nikaona vidole vyangu. Kijani mpaka kwenye kucha. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa jiwe, wino ukakaa pale pale. Kumbe wino wa serikali hautoki kwa sabuni ya raia. Basi nikatia mikono mifukoni na kwenda kanisani. Kioo sina, hunyolewa kwa kinyozi. Kwa hiyo nilichojua mimi ni kwamba shida yangu ni vidole.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, ili mjue kwa nini leo haikuwa siku ya mchezo. Kwetu kilio kikiisha, familia inakaa. Inasemwa mali inakwenda wapi, na mjane anakaa wapi. Na shangazi yetu, Shangazi Veronika, dada wa marehemu baba, alikuwa ameshuka kwa boti kutoka Bukavu akiwa na neno lake tayari. Kila mtu alilijua kabla hajalisema. Nyumba irudi kwa familia, Mama Furaha arudi kwao Rutshuru. Hajawahi kumpenda. Anasema Faustin angeoa karibu na kwetu. Shangazi anauza vitenge, ana sauti ya kuuzia vitenge, na katika familia yetu akishasema hakuna wa kujibu. Baba mdogo Kizito, ambaye ndiye mkubwa wetu, humsikiliza akiangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimepanga nijibu. Nilikuwa na maneno machache nimeyashika kichwani tangu wiki iliyopita.

Misa ikaanza. Nilikaa benchi la familia, mikono mifukoni. Sikuimba, lakini mimi siimbi siku zote, hakuna aliyeshangaa. Wakati wa kupeana amani watu wakageuka na mikono yao. Mimi nikainamisha kichwa kulia, nikainamisha kichwa kushoto, kama kuku anayekunywa maji. Shangazi Veronika alininyooshea mkono, ukabaki hewani. Akaniangalia kwa namna ya kuniambia kwamba na hilo tutalizungumza.

Ikafika komunyo. Siku zote mimi napokea mkononi. Leo mikono haikuwa ya kuonyesha padri. Nikafikiri, nikafikiri, nikapata akili. Nitapokea kwa mdomo! Nilijisifu, ndugu zangu. Nilikwenda kwenye mstari nimejisifu kabisa, mikono mfukoni, kichwa juu.

Padri akasema, "Mwili wa Kristo."

Nikasema, "Amina," nikatoa ulimi.

Mkono wa padri ukasimama njiani. Padri wetu ni kijana, hajakaa sana kwenye parokia. Akauangalia ulimi. Akaniangalia machoni. Akarudi kwenye ulimi. Mimi nikadhani anangoja niutoe zaidi, nikautoa zaidi.

Akaniwekea. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Papa, uko muzima?"

"Niko muzima, padri," nikamjibu, na nikatabasamu ili kumtuliza.

(Meno. Jamani, meno nayo.)

Nyuma yangu kwenye mstari alikuwa Shangazi Veronika. Alikuwa amesogea pembeni kidogo, anataka kujua kwa nini mstari umekwama, na aliona vyote, ulimi na tabasamu. Hakupiga kelele. Alipokea komunyo yake kwanza, vizuri, akafanya ishara ya msalaba, kila kitu na nafasi yake. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko kama anavyoshikwa mtu aliyekamatwa sokoni, tukatoka kwa mlango wa pembeni.

Nje, juu ya yale mawe meusi ya volkano, akanigeuza kwenye jua.

"Fungua."

Nikafungua.

"Yesu," akasema, polepole.

Ndani wanaimba, sisi tuko nje. Akatoka Baba mdogo Kizito. Akatoka huyu, akatoka yule, mpaka benchi lote la familia likawa uwanjani. Na kila anayefika, shangazi ananishika taya, anafungua mdomo wangu kama anayeonyesha meno ya mbuzi kwa mnunuzi, anasema angalia, yule anaangalia, anajishika kifua, anasogea pembeni kumpisha mwingine. Nilijaribu kusema kitu. Mtu aliyeshikwa taya hasemi kitu.

Neno likaanza kuzunguka nyuma kwa wanawake, kwa sauti ya chini. Karuho. Ni ile sumu ya polepole ambayo huku kwetu kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Mimi mwenyewe naiogopa. (Nasema ukweli. Kwa muda mfupi nilijiuliza kama kweli nimetiliwa sumu.)

Baba mdogo akasema niletewe maziwa. Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza maziwa ya Masisi kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki. Yakaja haraka, na nikanyweshwa. Si kwamba nilikunywa, nilinyweshwa, kichwa kimekunjwa nyuma, na mjomba wa mtu ambaye simjui ameniziba pua. Maziwa yakajaa, yakafurika, yakashuka kwenye kidevu na kwenye shati jeupe.

Ya kijani.

Mtu akasema, "Sumu inatoka." Na wengine wakashukuru Mungu.

Ndipo Shangazi Veronika akaanza kuniuliza. Sikilizeni mtego ulivyo rahisi, ukiwa mtu usiyejua kusema uongo na usiyejua kusema mengi.

"Leo ulikula nini?"

"Sijakula."

"Ulikunywa nini?"

"Chai."

"Chai ya nani?"

"Ya shemeji."

Kila jibu lilikuwa la kweli. Yote pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Watu wakageuka. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, watoto wamemshika kitenge kila upande. Shangazi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Alimaliza mukubwa," akasema. "Sasa anamaliza na mudogo."

Mnajua hapa neno kama hilo linakwenda wapi. Halirudi ndani. Linatoka na wewe, linakufuata nyumbani, linakungoja kisimani, linakwenda shule na watoto wako. Mtu aliyesemwa hivyo hahitaji kufukuzwa kwenye nyumba. Anaondoka mwenyewe kabla giza halijaingia.

Nikamwangalia shemeji. Yeye akaniangalia mdomo, si macho. Na nikaona kwamba anajua. Alishajua zamani, tangu alipoona kidevu changu. Yeye ndiye aliyefagia chumba cha Faustin miaka yote hiyo, yeye ndiye aliyefua mashati yale, anaijua rangi ile kuliko mtu yeyote pale. Neno moja tu, wino, na yote yanakwisha. Lakini nilikuwa nimemwomba asimwambie mtu. Kwa hiyo alisimama pale, kimya, anatunza siri yangu ya vibete.

Basi nikasema. Nilisukuma mkono wa shangazi kwenye taya yangu, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani, nikasema kwa sauti.

"Haiko sumu. Ni zimwi."

"Zimwi gani?" akauliza Baba mdogo.

"La kinamasi. Nimekuwa nalipaka rangi tangu asubuhi. Lilibaki tumbo."

Baba mdogo akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Alikuwa mpole sana.

"Imeshafika ku kichwa," akawaambia wengine.

"Ni la Faustin," nikasema. "Aliniachia mazimwi yote. Na vibete."

Hapo wanawake wakaanza Salamu Maria. Mmoja alikwenda kumsimamisha mtu wa moto, yaani wa pikipiki, nikasikia wanabishana kama nitakaa katikati au nyuma. Nilizidi kueleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kusali. Nilisema kuna jino moja linapanda hadi jichoni. Nilisema kibete usimpake viatu kabla ya suruali. Nilikuwa nasema kuliko nilivyosema mwaka mzima, na kila neno lilikuwa linanipeleka hospitali.

Padri akatoka, bado amevaa mavazi ya misa. Mkononi ameshika kichupa.

Mafuta ya wagonjwa.

Nawaambia, hakuna kitu kinachomrudisha mtu akili haraka kama kuona mafuta yanafunguliwa kwa ajili yake akiwa amesimama. Nikatoa mikono mifukoni, yote miwili, ya kijani, mbele ya kila mtu. Wakarudi nyuma hatua. Nikafungua leso. Ilikuwa imegandana na zimwi, nikavuta, ikatoka, ikaliachia kipande cha uzi puani. Nikalisimamisha kwenye kiganja.

"Hili," nikasema.

Padri akainama. Familia nzima ikainama nyuma yake. Mzee wa watu, mwenye suti ya kilio, kifua kimeloa maziwa ya kijani, ameshika dudu lenye pua kama muhogo mbele ya kanisa. Nilitamani ardhi ipasuke, na hapa Goma si jambo la kutamani kwa mchezo.

"Ni nini hii, papa?" akauliza padri.

Nikamweleza yote. Mchezo wa vita. Kopo la biskuti. Birere. Wino wa kashe. Brashi na ulimi. Nikaonyesha hata jinsi ya kuzungusha brashi, kwa kidole, ulimi nje, mbele ya padri kwa mara ya pili leo. Nikasema chai ilikuwa chai safi, ni mimi niliyeitia uchafu wa brashi kwa mkono wangu. Nikasema mtu akitaka kumlaumu mtu, anilaumu mimi kwa kucheza na midoli nikiwa na umri huu. Nikasema pia kwamba nimekuwa nafanya hivyo kwa sababu namkosa kaka yangu. Hilo sikuwa nimelipanga. Lilitoka tu na mengine.

Baba mdogo akaanza kutikisa kichwa kwa kuelewa. Shangazi Veronika hakutikisa chochote.

"Lete," akasema.

Akalichukua zimwi. Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mungu aliponitazama. Shangazi amekuwa kwenye vitenge tangu ujana wake. Mletee kitenge usichokijua, hatakuuliza kimetoka wapi. Analowesha kidole gumba kwa ulimi, anasugua kitambaa, anaangalia kidole kama rangi imetoka. Mkono wake unafanya hivyo wenyewe, kama wangu na brashi.

Akalowesha kidole, akasugua tumbo la zimwi. Akakiangalia. Akalowesha tena kidole kile kile, akasugua mgongo. Akasogea kwenye mwanga. Akalowesha tena, akasugua pua, akakisugua na kidole cha pili kama anayehesabu noti. Kazi yangu ya asubuhi nzima ikaondoka pale nikiona, risasi ikaanza kung'aa chini.

"Rangi yake haikamate," akatoa hukumu, kwa dharau, kama vile nilikuwa nataka kumuuzia.

Na tulimwangalia sote.

Baba mdogo Kizito, ambaye maisha yake yote amekuwa akiangalia viatu, aliinua macho.

"Dada," akasema taratibu, "nawe fungua."

Shangazi akafunga midomo. Akatuangalia mmoja mmoja. Akaangalia kidole chake. Nikaona wazo likimfikia, polepole, kutoka mbali. Akatupa kisogo, akatoa ulimi mbele ya kioo cha moto ile iliyokuwa inanisubiri. Yule mtu wa moto ndiye aliyeona wa kwanza. Akazima injini.

Kijani. Na alikuwa amesimama wima, mzima, ana nguvu za kumpiga mtu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Mama Furaha akacheka. Sijui kama mnajua kicheko cha mtu ambaye hajacheka mwaka mzima. Kinaanza kama kikohozi. Aliketi kwenye ngazi ya kanisa, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka, na watoto wakamwangalia kama wanamwona mtu aliyerudi safarini. Padri akageukia ukuta na kichupa chake, lakini mavazi ya misa ni mapana, yanaonyesha kila mtikisiko. Baba mdogo akashika magoti. Wale wa Salamu Maria wakakatikia katikati. Nami nikacheka, na nilipocheka wakaona meno, wakaanza upya.

Misa yenyewe ilikuwa haijaisha. Watu wengine wote walikuwa ndani wanasubiri baraka, wanakwaya wamerudia wimbo mpaka umewachosha. Tukarudi ndani kwa mstari, familia nzima macho chini. Padri akatubariki bila kuangalia benchi letu.

Kisha kikao. Kwenye sebule ya kaka, viti vya kukodi, kila mtu na soda yake. Nilikuwa na maneno yangu machache tayari. Baba mdogo akafungua, akasema habari ya kibanda cha Murara, akasema habari ya watoto na shule, akafika kwenye nyumba. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Sote tukamwangalia Shangazi Veronika. Alikuwa amekaa wima, kitenge amekishika mbele ya mdomo. Baba mdogo akangoja. Akangoja kwa heshima kabisa, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nadhani alikuwa anaonja utamu wake. Shangazi akatikisa kichwa.

"Basi," akasema Baba mdogo, "Mama Furaha anabaki kwake na watoto wake. Imekwisha."

Ikaisha. Maneno yangu sikuyatumia. Bado ninayo hapa, sijui niyafanyie nini.

Watu walipoanza kuaga, shangazi alikwenda jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasugua kidevu, sikujificha kusikiliza, nilikuwa pale tu. Alisimama mbele ya shemeji muda, kitenge bado mdomoni.

"Iko chumvi?" akauliza.

Mama Furaha akampimia chumvi kwenye kikombe cha bati, akamwagia maji ya moto kidogo, akakoroga, akampa kwa mikono miwili. Yule mama aliyesema neno lile asubuhi akakiangalia kikombe. Akamwangalia aliyekitoa. Kisha akakipokea, akanywa funda la kwanza lote bila kulitema.

"Asante, mwanangu," akasema. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

Kisha akauliza kama kuna kibete, kwa sababu anataka kuona vingine.

Basi mimi niko hapa. Zimwi liko mezani, tumbo limekwaruzwa mpaka risasi, litapakwa upya wiki ijayo, mchana, mlango wazi. Moyo wangu umekuwa mwepesi mpaka naona aibu. Chekeni, mnayo haki. Ila chekeni huko huko kwenu. Kesho nafungua duka, na mkipita naomba mninunulie msumari kimya kimya mwende. Msinichekeshe. Nikicheka, meno yanaonekana.